Tulipompeleka Binti Yetu Mlimani



Kwetu Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana waliomaliza kidato cha sita huletwa hapa kutoka mikoa mbalimbali kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Tunawaona wakishuka na mabegi yao, wengine wakilengwalengwa na machozi kwa sababu hawajawahi kulala mbali na mama zao. Baada ya miezi michache wanaondoka wamekonda kidogo, wamekomaa, wanacheka. Ukiwauliza wanakwenda wapi, wengi hujibu neno moja tu: "Mlimani."

Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na mji uliokizunguka. Kwa miaka mingi tulilisikia jina hilo kama tusikiavyo habari za ng'ambo. Mwaka jana tulikwenda kupaona kwa macho yetu, na sababu ya safari hiyo inafaa tuieleze bila kuficha.

Kikao kilichogawanyika

Katika usharika wetu yuko mjane mmoja ambaye binti yake alichaguliwa kujiunga na Chuo. Mkopo wa serikali alipata, lakini haukutosheleza mahitaji yote. Mama huyo akaja mbele ya Umoja wa Akina Mama kuomba msaada.

Kikao kilikuwa kizito. Mama mmoja alisimama akasema, "Jamani, tumemsahau yule kijana?" Hatukuwa tumemsahau. Miaka ya nyuma tuliuza machungwa na nazi, tukafuma vitambaa, tukamsomesha mtoto wa hapa hapa kijijini hadi akahitimu. Alipata kazi nzuri mjini. Barua hakuleta, salamu hakutuma, hata shangazi yake aliyemlea alipofariki hakuonekana msibani. "Tunalisha mji usiotukumbuka," mama yule alisema, na wengi tuliitikia kwa vichwa.

Hatimaye tulikubaliana kumchangia binti, lakini watatu wetu wafuatane naye, wauone huo mji unaomeza watoto. Mmoja wa hao watatu alikuwa bibi yetu wa miaka zaidi ya 70, aliyesema hawezi kufa hajaona Mlimani.

Safari na mji wenyewe

Tuliondoka alfajiri na basi la Tanga kupitia Mabokweni. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 350, kwa njia ya Segera na Chalinze. Tulishuka stendi kuu ya Mbezi miguu imevimba, tukapanda daladala hadi Ubungo, kisha nyingine ya kuelekea Mwenge. Njiani binti akatuonyesha Mlimani City, maduka makubwa yaliyofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo. Bibi alitazama magari yaliyopangwa pale akauliza, "Hawa wote ni wanafunzi?" Tulicheka mpaka kondakta akacheka.

Ukiingia eneo la Chuo, kelele zinabaki nyuma. Barabara inapanda taratibu kati ya miti mikubwa. Tumbili wapo wengi, nao hawana haya. Mmoja alinyakua ndizi mkononi mwa mwenzetu. Tuliona maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Tuliona pia Ukumbi wa Nkrumah. Huo mnaufahamu hata kama hamjafika, maana picha yake ilikuwa nyuma ya ile noti ya shilingi 500 ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na sarafu. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tukiubeba Mlimani kwenye pindo za khanga!

Ulianzaje?

Chuo hakikuanzia mlimani. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili.

Kutoka hapa wametoka watu wakubwa. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma hapa, na Rais wetu wa awamu ya nne, Jakaya Kikwete, pia. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha hapa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo watoto wetu wanaitumia shuleni, ilitungwa hapa. Na sisi akina mama tusimsahau Julie Manning, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kusomea sheria, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria wakati Tabitha Siwale naye alipopewa uwaziri.

Mambo ya mwaka 1966

Tulikaa kivulini karibu na Ukumbi wa Nkrumah tukala maandazi. Hapo ndipo bibi alipotuambia jambo ambalo hakuwahi kutusimulia.

Mwaka 1966, alipokuwa msichana mdogo, kijana wa jirani aliyekuwa akisoma Chuo alirudi ghafla kijijini na sanduku lake. Watu walidhani ni mgonjwa. Kumbe alikuwa amefukuzwa.

Historia yenyewe ni hii. JKT ilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wasomi nao watumikie karibu miaka miwili: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 katika kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi walivaa majoho, wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Walisema viongozi wenyewe wanalipwa mishahara minono, na bango moja lilidai heri wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Kuhusu mishahara alikiri kwamba wana hoja, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Lakini wanafunzi karibu 400 aliwafukuza, wakarudishwa kwa wazazi wao. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha.

Tukakumbuka kwamba mwaka 1964 Mwalimu alikwisha kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akishiba asirudi, amewasaliti.

"Na mama yake yule kijana alifanyaje?" tulimwuliza bibi.

"Alimpikia ugali," bibi alijibu. "Hakumsema hata neno moja. Asubuhi akampa jembe, wakaenda shamba pamoja. Yule kijana alirudi Chuo akamaliza. Mama yake alipozeeka, yeye ndiye aliyemjengea nyumba ya bati."

Binti wetu alikuwa akisikiliza kimya. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka JKT miezi ile ile, katika kambi ya mkoa mwingine. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013, na sasa vijana wanakwenda bila maandamano.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka ule ule wa 1964 Wafaransa nao walifungua chuo pembezoni mwa Paris, mahali paitwapo Nanterre, kwenye ardhi iliyokuwa ya jeshi, jirani na vibanda vya wafanyakazi maskini kutoka Algeria. Stesheni yake ya treni iliitwa La Folie, maana yake wazimu! Mwaka 1967 wanafunzi waligombania wavulana waruhusiwe kuingia mabweni ya wasichana. Machi 1968 wakaanza vuguvugu ambalo kufikia Mei lilikuwa limeitikisa Ufaransa nzima. Basi ukiwakusanya vijana wengi nje ya mji, mbali na wazazi, yatatokea mambo. Mengine ya haki, mengine ya utoto.

Maisha ya Changanyikeni

Kuzunguka Chuo kuna Changanyikeni, Msewe, Makongo, Ubungo na Mwenge. Mabweni hayawatoshi wote, ingawa mwaka 2017 yalifunguliwa majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Wengine hulala wawili kitanda kimoja, wenyewe wanaita "kubebana". Wengine hupanga vyumba mitaani, wanaviita "geto".

Huko Changanyikeni ndiko tuliuona mji kwa undani. Mama mwenye nyumba alitukaribisha uani. Alituambia kwamba amewapangisha wanafunzi kwa miaka mingi na amewauguza wengi. Pesa ya mkopo ikitoka, ambayo wanaiita "bumu", wanakula kuku. Ikiisha, wanashindia chai. Pembeni mama ntilie alikuwa akipakua wali maharage. Tuligundua kwamba mji huu haulishwi na vijiji peke yake. Hapa pia wapo akina mama wanaowalea watoto wasiowazaa.

Sisi wauguzi tuliuliza juu ya afya. Tuliyoyasikia ni yale yale tunayoyaona zahanati: vidonda vya tumbo, malaria inayotibiwa kwa dawa za kubahatisha, na mabinti wanaoficha ujauzito mpaka wamechelewa kliniki. Mama mpendwa, zungumza na mwanao kabla hajaondoka. Hakikisha ana bima ya afya na chandarua. Mfundishe kugawa pesa yake kwa wiki. Mwambie wazi kwamba akipata tatizo, mlango wa nyumbani haufungwi. Mtoto anayeogopa kukuambia ndiye anayeangamia.

Joho dogo la Samweli

Hana alipompeleka Samweli hekaluni hakumwacha akamsahau. Kila mwaka alimshonea joho dogo akampelekea. Nasi tulimkabidhi binti gauni la kitenge alilolishona mama wa Umoja, unga wa muhogo, na nazi sita.

Kisha tukamwambia sharti letu. Pesa hatutamdai. Tunaomba kila likizo ndefu aje awafundishe hisabati mabinti wa sekondari yetu. Alikubali. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na nisipokuja, bibi?"

Bibi alimtazama. "Mjukuu wangu, Bwana Yesu aliwaponya wakoma kumi, akarudi mmoja kushukuru. Hakuacha kuponya wengine. Usipokuja tutaumia, tena sana. Kisha tutamsomesha mwingine."

Tuliporudi Maramba tulitoa taarifa kikaoni. Yule mama aliyepinga alisikiliza mpaka mwisho, akafungua fundo la khanga yake, akaweka mezani mchango wake wa mwezi.

Likizo ndefu inaanza Julai. Tunamsubiri.