Kokoto za barabara na mlima wa nyuma ya shule
Mama yangu mdogo anaishi Mbeya Vijijini. Tangu habari za machimbo ya kokoto zifike kijijini kwao, akinipigia simu tunazungumza hayo tu. Hapingi barabara. Njia nne za kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe, kilomita 29, anazisubiri kama sisi wote, maana foleni ya Mwanjelwa inajulikana. Kinachomkosesha usingizi ni mlima unaotakiwa kupasuliwa, ulio nyuma ya shule.

Wazazi wengi husema vumbi ni vumbi tu. Hapana. Mawe mengi yana silika, na chembe zake zisizoonekana kwa macho zikivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi, na humfungulia mlango kifua kikuu. Anayeumia zaidi ni mfanyakazi wa machimbo, ambaye jioni anarudi na nguo zilezile na kumbeba mtoto.

Mama mdogo, lakini, anaogopa zaidi mashimo. Yakiachwa wazi, mvua zikianza Novemba yanajaa maji, na watoto ni watoto.

Nilimwambia waulize mkutanoni: tathmini ya athari kwa mazingira iko wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka ifanywe kabla ya mradi kuanza.

“Mwanangu, hilo tulishauliza,” akanijibu. “Wanasema wataalamu watakuja. Sisi tumeomba waje saa nne, watoto wakiwa mapumziko, wawaone wanavyocheza pale.”