Jino la Kaka Yangu

Kaka yangu anaishi kwa figo ya mama yetu. Kila siku anameza saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili isije ikaikataa figo hiyo. Mwaka jana alitaka jino la kupandikizwa, lenye mzizi wa titani. Daktari wa meno hapa Kampala alimweleza kuwa titani hushikwa na mfupa, na katika majaribio ya sungura dawa hiyo ilidhoofisha mshiko huo.

Kaka akauliza, "Nikiiacha miezi michache?"

Mama hakusema neno. Aliweka tu mkono ubavuni, penye kovu. Kaka akaliona, akanyamaza.

Leo anacheka pengo wazi, na dawa hajaacha hata siku moja.