Sehemu ya 7: Baridi ya Kitonga

Mama mwenzangu, leo nakuambia kosa langu mwenyewe. Julai tulitoka Mbagala na Noah kwenda Njombe, mwanangu ana miezi mitano. Tunapanda Kitonga nimeshamfunika blanketi mbili mpaka usoni, naogopa baridi ya Makambako. Kona kali, malori yanajikongoja, macho yangu yote barabarani.

Kufika Ilula namfunua: kalowa jasho, kalegea, anahema haraka haraka. Nesi mzima! Nikamvua, nikamnyonyesha, taratibu akachangamka. Aliyetetemeka ni mimi.

Kwa hiyo mvalishe nguo nyepesi mbili tatu, uso uwe wazi. Mikono ya baridi isikutishe, mguse shingoni au kifuani. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo. Asipochangamka, hospitali kwanza, safari baadaye.