Mchwa Wasio na Msimamizi: Kumbukumbu ya Zana za Uigaji

Uigaji wa kompyuta, yaani kuunda ndani ya mashine ulimwengu mdogo unaofuata kanuni chache ili ionekane kanuni hizo zitazaa nini, ulikuwa kwa muda mrefu kazi ya waliokwisha kujua lugha za programu. Mwalimu wa jiografia au mwanafunzi mwenye swali zuri kuhusu moto wa msituni au kuenea kwa surua alilazimika ama kutumia miezi akijifunza lugha hizo, ama kumpelekea mtaalamu swali lake na kurudishiwa jibu la swali jingine. Kumbukumbu hizi zinafuata namna hali hiyo ilivyobadilika, na kwa kuwa mwandishi wake alizitumia baadhi ya zana zinazotajwa na kuzifundisha, hazidai kutopendelea upande.

Mwanzo unaotajwa mara nyingi ni Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, ambayo ilikuja kujulikana kwa kobe wake anayechora anapoamriwa kwenda mbele au kugeuka. Logo ilikuwa rahisi, lakini bado iliandikwa kwa herufi, na aliyekosea tahajia au kusahau nafasi kati ya amri na tarakimu aliambiwa tu kwamba mashine haimwelewi. Miongo miwili baadaye, Mitchel Resnick wa MIT alijiuliza ingekuwaje kama kobe wangekuwa maelfu badala ya mmoja, kila mmoja akifuata kanuni zake bila kuamriwa na mwingine. Jibu lake lilikuwa StarLogo, ambayo mwanzoni iliendeshwa kwenye kompyuta kubwa iitwayo Connection Machine, kisha ikahamia kwenye kompyuta za kawaida za Macintosh.

Mfano wake wa mchwa unastahili kuelezwa taratibu. Vipande vya kuni vimetawanywa ovyo kwenye skrini, na kila mchwa ana kanuni mbili tu: tangatanga mpaka ukutane na kipande, ukichukue, kisha tangatanga mpaka ukutane na kipande kingine, utue ulichobeba kando yake. Hakuna mchwa anayejua rundo liko wapi wala anayeamua liwe wapi, lakini ukisubiri, marundo madogo yanajitokeza kila mahali, halafu yanapungua idadi na kukua. Watazamaji wengi huanza kumtafuta msimamizi, na Resnick aliona kwamba tabia hiyo ya kudhani kila mpangilio una mkuu wake ndiyo kikwazo kikubwa kuliko hesabu zenyewe. Wanafunzi wawili wa sekondari waliounda foleni ya magari kwa zana hiyo waliweka kwanza mtego wa polisi wa kupima mwendo, wakaona foleni. Walipouondoa mtego, foleni ikabaki, na tena ilirudi nyuma huku magari yenyewe yakienda mbele. Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea kumlaumu trafiki kwa kila foleni atahitaji muda kulikubali hilo.

Hata hivyo kanuni za mchwa bado ziliandikwa kwa maneno ya lugha ya programu, na hapo ndipo wengine walipochukua njia tofauti. Huko Apple, kundi la David Canfield Smith, Allen Cypher na Jim Spohrer lilieleza mwaka 1994 zana iliyoitwa KidSim, ambamo kanuni haikuandikwa bali ilichorwa kwa picha mbili, moja ya kabla na nyingine ya baada. Mtoto aliweka upande wa kushoto picha ya mnyama aliyesimama kando ya jiwe, na upande wa kulia akamburuta mnyama huyohuyo kwa kipanya mpaka juu ya jiwe. Tangu hapo, kila mashine ilipoikuta hali inayolingana na picha ya kushoto, iliigeuza ifanane na ya kulia. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna zana iliyowahi kuikaribia zaidi namna mtu asiye mtaalamu anavyomweleza mwenzake jambo, kwa kuwa kila mtu husema, "ikiwa hivi, inakuwa hivi."

Udhaifu wake nao ulikuwa dhahiri. Jiwe lililokuwa upande wa pili wa mnyama lilidai kanuni nyingine, mawe mawili yaliyopandana yakadai ya tatu, na vitu visivyo na umbo, kama joto, njaa au siku za ugonjwa, havikuchoreka. Alexander Repenning wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, aliyeunda AgentSheets mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuchukua lahajedwali na kuweka ndani ya kila kisanduku wakala, yaani kiumbe chenye tabia yake, badala ya namba, naye alizijaribu kanuni za picha, kisha akageukia vipande vya masharti na vitendo ambavyo mtumiaji huviburuta na kuvipanga. KidSim ilibadilishwa jina kuwa Cocoa, Apple ikaiacha, waasisi wake wakaiuza kwa jina la Stagecast Creator kuanzia 1999, na jina Cocoa likapewa zana za waandishi wa programu waliobobea, yaani watu walewale ambao Cocoa ya kwanza ilikusudiwa kutowahitaji.

Vipande vya kuburuta vikashinda. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007 na ambayo leo menyu zake zinapatikana hata kwa Kiswahili, inavipa vipande maumbo yanayoshikana kama vya kuchezea, kiasi kwamba visivyofaa kukaa pamoja havishikani kabisa, na makosa ya sintaksi, yaani ya mpangilio wa maneno ya programu, hayana pa kutokea. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama ambayo haisemwi sana. Scratch ilikusudiwa hadithi, michezo na katuni. Mpaka toleo la pili la mwaka 2013 haikuwa na njia ya kuzalisha nakala za mhusika programu ikiwa inaendelea, na hata ilipoipata, nakala ziliwekewa kikomo cha 300. Mchwa 300 ni kichuguu duni. Uigaji wa makundi makubwa ukabaki zaidi kwa NetLogo, iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, yenye nguvu kubwa na inayotolewa bure, lakini inayoandikwa, kama Logo, kwa herufi.

Ugumu nao haukuondoka, ulihama. Katika darasa moja alilolisimamia mwandishi, mwanafunzi aliunda ugonjwa kwa vipande vilivyoshikana bila kasoro, programu ikaenda bila kulalamika, na kijiji kizima kikabaki kigonjwa milele, kwa sababu hakuweka popote kanuni ya kupona. Zamani mashine ingemsimamisha kwa mabano yaliyosahaulika, na akiyatafuta angeisoma upya kazi yake yote. Sasa hakuna kilichomlazimisha kuisoma, na alikuwa tayari kuandika kwenye ripoti kwamba ugonjwa huo hauna tiba.

Msomaji anayetaka kuona kwa macho yake kwa nini kanuni za uigaji zisomwe afungue maktaba ya vielelezo ya NetLogo na kuchagua ule wa moto, ambamo miti hujaza msitu kwa asilimia anayoitaka mtumiaji na moto huanzia ukingo wa kushoto. Kwa asilimia 57 kwa kawaida moto hufa njiani, na kwa 62 kwa kawaida huvuka mpaka ng'ambo, ingawa tofauti ya misitu hiyo miwili ni vigumu kuiona kwa jicho. Kisha, kabla ya kumsimulia mtu yeyote alichokiona, asome kanuni zenyewe, ambazo hazijai hata ukurasa mmoja: mti unaowaka huwasha jirani zake wanne, na upepo haumo.