Chungu Kimoja

Presha ilinipanda baada ya uzazi wa mwisho, magoti yakaanza kuuma, na kliniki wakaniambia nipunguze uzito. Namna ya kupunguza nikaipata mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, ambako kila mtu ana dawa yake. Nikashika ya kuacha wanga kabisa, maana jirani yangu ilimpunguza nikiona kwa macho.

Na mimi ilinipunguza. Magauni yakanipwaya. Lakini kila jioni nilikuwa na vyungu viwili: cha nyumba, ugali na dagaa wa nazi, na changu, mayai, parachichi na nyama. Pesa ya chungu changu ingetosha kitoweo cha watu wote. Kilichoniumiza zaidi ni kula peke yangu. Wenzangu wanamega tonge kwenye sinia moja, mimi nimejitenga na kisahani, hadi mwanangu mdogo akauliza, "Mama, unaumwa?" Ramadhani ilipoingia, mihogo ya nazi ikiwa jamvini na njaa ya kutwa tumboni, sikuweza tena. Kilo zikarudi zote, na presha nayo.

Nililia pale kliniki. Muuguzi mmoja mtu mzima akanikalisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, kwenu mnakula nini?" Nikamtajia. "Basi tuanzie hapo hapo." Ugali ubaki, ila usizidi ngumi yangu. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele. Dagaa, kunde, samaki wa kuchoma, sawa. Chai bila sukari. Vitumbua vya kila asubuhi viwe vya siku moja kwa wiki.

Binti yangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenielewesha kwa nini. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa mwaka 2018 utafiti wa watu 609: nusu walipunguza mafuta, nusu wanga, kwa miezi 12. Makundi yote mawili yalipungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, bila tofauti ya maana. Na utafiti mwingine, wa mwaka 2005, uliolinganisha lishe nne zenye majina makubwa, ulionyesha kuwa waliopungua zaidi ni walioishika lishe yao, iwe ipi. Nilifarijika sana kusikia hivyo. Miaka yote nilidhani mwili wangu una kasoro.

Kazi ilikuwa kupunguza tui la mchuzi. Nazi naikuna moja badala ya mbili, na maji nazidisha, chungu kizima. Mama mkwe alinung'unika, "Mwanangu, mchuzi huu mbona maji?" Nikaongeza ndimu na pilipili mbuzi, na siku hizi anaomba aongezewe.

Napungua polepole mno, miezi mingine sipungui kabisa. Ila Ramadhani iliyopita nilifuturu na watu wangu, nikala mihogo vipande viwili, na Shawwal nilipopanda mzani kliniki uzito ulikuwa ule ule wa Shaaban.