Hines: Macho Mazima, Kuona Kumevunjika

Ukitoka katikati ya jiji la Chicago kwa gari kuelekea magharibi, haipiti saa moja kabla hujafika Hines, labda barabara iwe imesongamana. Tulikwenda huko mwaka 2012, akina mama wanne, tukiwa wageni wa wanawake wa kanisa moja la mji ule. Siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kuwapelekea keki askari wastaafu waliolazwa. Sisi tulidhani ni kusalimia, kuomba na kurudi. Tulikaa mpaka jioni.

Hospitali ile ni kubwa sana. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba zamani palikuwa na uwanja wa mashindano ya magari, uliofunguliwa mwaka 1915, na njia yake ilijengwa kwa mbao. Kisha tajiri mmoja wa biashara ya mbao, Edward Hines, alifiwa na mwanawe, luteni, huko Ufaransa mwaka 1918. Baba akatoa fedha ili hospitali ijengwe pale kwa jina la kijana wake, nayo ikafunguliwa mwaka 1921. Sisi tulio na wana tuliposikia hayo tulinyamaza kidogo.

Ndani ya uwanja huo kuna kituo cha askari waliopoteza kuona. Kilianza mwaka 1948, na kilikuwa cha kwanza cha namna hiyo katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Mkuu wake wa kwanza, Russell Williams, alikuwa mwalimu aliyepofuka vitani Ufaransa mwaka 1944. Alikuja na ufundi wa fimbo ndefu ulioanzishwa na Richard Hoover katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania. Fimbo hupimwa ifike kifuani. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha ya fimbo hupita kushoto, ipeleleze mahali ambapo mguu wa kushoto utakanyaga. Tulifungwa vitambaa machoni tujaribu. Mmoja wetu, hatumtaji, aliangusha chungu cha maua.

Lakini waliotushangaza zaidi ni wengine, vijana ambao hawakuwa na fimbo wala miwani myeusi. Walitutazama usoni na kutusalimu. Tukanong'ona, hawa nao wamefuata nini hapa?

Mwalimu mmoja wa pale alitufafanulia. Katika vita vya Afghanistan vilivyoanza mwaka 2001, na vile vya Iraq vilivyoanza mwaka 2003, askari wengi walilipukiwa na mabomu yaliyotegwa barabarani. Mshindo wa bomu waweza kuutikisa ubongo ndani ya fuvu hata kama ngozi haikuchubuka. Jicho likabaki zima, na mtu akasoma herufi za ubaoni mpaka mstari wa chini. Lakini jicho ni mlango tu, anayeona ni ubongo. Ukiumia, macho mawili hukataa kushirikiana, maneno ya kitabu yakawa mawili mawili au yakaelea. Mwanga wa taa za dukani humuumiza mtu kichwa. Mwingine hupoteza nusu nzima ya anachokiona, upande uleule kwa macho yote mawili. Ndiyo maana mwaka 2008 serikali yao iliagiza kwamba askari walioumia vibaya ubongo, wanaotibiwa katika vituo maalumu, wapimwe pia namna wanavyoona.

Tulimkumbuka yule kipofu wa Bethsaida, katika Marko sura ya 8, ambaye Bwana alimwekea mikono mara mbili.

Mazoezi yenyewe ni ya vitu vya nyumbani. Kuna uzi wenye shanga tatu: ncha moja hufungwa kwenye kitasa cha mlango, nyingine mtu huishika puani, akakaza macho kwenye shanga moja baada ya nyingine. Akiona shanga anayoitazama imekuwa mbili, macho yake hayajakutana. Kuna karatasi nyeusi iliyokatwa tundu la mstari mmoja, ili macho yasipotee kwenye ukurasa. Aliyepoteza upande wa kushoto huwekewa mstari mwekundu ukingoni mwa ukurasa, afundishwe kuutafuta kabla hajaanza kusoma kila mstari. Mwalimu hakutudanganya. Nusu iliyopotea mara nyingi hairudi miezi ya mwanzo ikishapita. Kinachofundishwa ni kuifuata, kwa kugeuza kichwa na macho tena na tena mpaka iwe mazoea.

Jioni tulikaa na mke wa mmoja wao, katika nyumba ambamo jamaa za wagonjwa hulala bila malipo. Mumewe aliumia Iraq, ubongo upande wa kulia. Daktari wa kwanza alimpima macho akasema hayana kasoro, basi wakarudi nyumbani. "Nikampikia," alisema. "Kila siku alikula nusu ya sahani, nusu akaiacha. Nilidhani anakidharau chakula changu." Alinyoa ndevu za shavu moja. Aligonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto, kisha akamfokea mtoto aliyekuwa amekaa kushoto kwake, kwamba amemnyemelea. Mama huyu alivumilia miaka miwili, akamfungia virago.

"Nilimwita mvivu mbele ya watoto," alisema. Hakulia. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza, akikikunjua.

Ni mtaalamu mwingine aliyemweleza hatimaye kwamba ubongo wa mumewe umeacha kuuhesabu upande wa kushoto. Haufichi kitu kwa makusudi, bali kwake upande huo haupo. Kituo humwita mke naye aje ajifunze: asimsemeshe akiwa amesimama kushoto bila kumgusa kwanza, asihamishe viti, na asimsogezee sahani. Hilo la sahani ndilo lililomshinda zaidi, na sisi tulimwelewa. Mama gani huketi tu, chakula kimebaki, asikisogeze?

Mumewe aliingia tukiwa bado tunazungumza. Tukamkatia keki. Alikula upande wa kulia, akaweka uma chini. Mkewe alikaza mikono mapajani. Yule bwana akapitisha kidole ukingoni mwa sahani, akageuza kichwa kushoto polepole, akaiona nusu iliyobaki. Aliimaliza, kisha akauliza ni nani aliyeioka.