Mto wa Eastlands Unaofika Malindi

Wakazi wengi wa Eastlands huutambua Mto Nairobi kwa harufu kabla ya kuuona. Hata hivyo, Jumapili moja usipokuwa na shughuli, teremka Kariobangi, ushike njia ya Korogocho hadi ukingoni. Ng'ambo utaona jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, na korongo wakubwa wenye vipara wakigombea mabaki.

Huku Korogocho, mwaka 2017, vijana wa mtaa, baadhi yao wakiwa wameuacha uhalifu, waliunda kikundi kiitwacho Komb Green Solutions. Walizoa taka, wakapanda miti na mianzi, na mahali palipoogopwa pakawa bustani ya kupumzikia.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kusafisha kipande kimoja ilhali taka za Gikomba zinateremka kila siku? Swali hilo ni la haki. Lakini mto huu hauishii Dandora. Unaungana na Athi, unapita Fourteen Falls, unavuka Tsavo Mashariki ukiitwa Galana, kisha kwa jina la Sabaki unaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Hapo mlangoni pana mikoko na makundi ya ndege, na kusini yake kuna hifadhi ya matumbawe iliyoanzishwa mwaka 1968. Chupa unayoitupa Kayole leo yaweza kufika huko.

Wenzetu wa Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, walilijua jambo hili mapema. Matumbawe yake yalipohifadhiwa rasmi mwaka 1994, walioajiriwa kuyalinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Walinzi hao hawakubeba bunduki. Waliwaeleza wavuvi wenzao kwamba samaki wakizaliana hapo watatapakaa hadi nje ya mpaka.

Korogocho nako, mlinzi bora ni anayeishi hapo. Ila kazi yake haina uhakika. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaua watu Mathare, na serikali ikaamuru walio karibu na mito wahame. Kuwaondoa watu kwenye hatari ni sawa. Lakini wanaopanga mustakabali wa kingo hizo wakiwasahau vijana walioushika mto kwa mikono yao, nani atakayezoa taka mvua ijayo?

Nawe mzazi, wapeleke watoto wakauone mto huo. Asiyeujua hawezi kuulinda.